Dar mpaka Lusaka na Noah: watoto wawili, bi mkubwa na mbuzi ya nazi

Nimerudi Dar Jumanne ya tarehe 30 Januari 2024, gari langu, Toyota Noah, limejaa tope mpaka kwenye vioo, na nikakuta meseji kibao za kuuliza njia ya Zambia ikoje na inakula shingapi. Basi nimekaa na kidaftari changu na picha za kwenye simu nikaipanga safari upya siku kwa siku. Kuna kurasa mbili zililowa, hapo natumia kumbukumbu tu.

Kifupi cha mambo ni hivi. Mama Salma kapata kazi Lusaka, mkataba wa miaka miwili. Watoto wetu ni Salma, miaka 11, na Idi, miaka 7. Mimi nina duka la spea Tabata, siwezi kufunga tu nikaondoka, kwa hiyo tulikubaliana niwapeleke, nyumba ikae sawa, watoto waanze shule tarehe 8 Januari kama kalenda ya kule inavyosema, halafu nigeuze. Bi mkubwa, yaani mama yangu mzazi, ana miaka 74, akasema hawezi kuruhusu wajukuu wake wakaishi nchi ambayo yeye hajaitia machoni. Hapo mjadala ukafungwa, tukawa watano.

Kwa nini gari na siyo ndege? Mizigo. Masufuria, mashuka, cherehani, madaftari, magodoro mawili juu ya keria, kiroba cha mchele kilo 50, na mbuzi ya kukunia nazi. Hiyo mbuzi niliitoa garini mara mbili. Nikamwambia mke wangu, Lusaka hakuna bahari, nazi utaitoa wapi? Akanijibu, "Baba Salma, mbuzi inakaa, nazi itatafutwa." Nikairudisha.

Alhamisi 28 Desemba 2023. Tabata mpaka Iringa

Tulitoka saa kumi usiku ili tuikwepe foleni ya Kibaha, tukaikuta Chalinze. Chai na chapati hapo, watu watano elfu 14, tukaendelea. Mvua za El Niño zilikuwa zimeinyesha nchi vibaya mwisho wa mwaka ule, kwa hiyo pembeni mwa barabara kuanzia Ngerengere kote maji tu na nyasi kijani.

Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi karibu kilomita 50 na hulipi kiingilio kwa kupita tu. Tuliona tembo wanne, twiga, na pundamilia hata Idi akaacha kuwahesabu. Kuna bango linaloorodhesha wanyama na bei zao, ukimgonga huyu unalipa dola kadhaa, yule dola kadhaa, twiga na tembo ni maelfu ya dola. Bi mkubwa akaniambia nisomee lote kwa sauti, nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo sisi wenyewe humu ndani ya gari hatufiki bei ya twiga mmoja." Nikapunguza mwendo.

Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu. Wale vijana wanakimbia na ndoo kichwani gari likiwa bado linatembea, ukipunguza tu wamekuzunguka. Ndoo ndogo nimelipa elfu 8 na nina uhakika nimepigwa. Halafu Kitonga. Malori yanapanda pole pole kama kinyonga, yanayoshuka yananuka breki, na wewe na Noah yako iliyobeba magodoro uko katikati. Sikuovateki hata moja. Ukiwa na haraka siku hiyo, haraka yako iache chini mlimani.

Iringa tuliingia saa kumi na moja jioni, gesti elfu 40 kwa chumba, vyumba viwili. Bi mkubwa alilala na sweta, soksi na blanketi mbili, na bado asubuhi alikuwa analalamika.

Kwa atakayepita na gari lake: vijijini kote mwendo ni 50, na trafiki wa tochi hawajalala hata sikukuu. Mimi nimelipa elfu 30 yangu mahali fulani kabla ya Morogoro, nilikuwa 63, sikuwa na la kujitetea.

Ijumaa 29 Desemba. Iringa mpaka Uyole

Siku nyepesi. Misitu ya misonobari ya Sao Hill pale Mafinga, upepo wa Makambako, mpunga wa Chimala, na watoto wakalala karibu njia yote.

Uyole tukafikia kwa shangazi yake Mama Salma. Huyu mama alitupikia ndizi na maharage, akatoa parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, halafu akaanza kukagua gari letu kama askari wa forodha. Alipofika kwenye kiroba cha mchele akacheka. Akatuambia nafaka na mbegu huvushi boda hivi hivi, unatakiwa uwe na kibali cha mimea, na mchele wenyewe mnaupeleka Lusaka kwani kule hawali? Tukauacha. Nilikuwa nimeubeba kutoka Tabata mpaka Mbeya, yaani nimepeleka mchele mkoa unakotoka mchele.

Jioni hiyo alitukalisha tukapanga makaratasi kwenye bahasha, na hapa ndiyo naomba msome polepole. Kuna kadi mbili za njano na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu na yake. Ya pili ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, na Tanzania ingawa ilishatoka COMESA bado mpango wa hiyo kadi imo, unaikata kwa kampuni yako ya bima kabla hujaondoka. Mimi nilipoulizwa boda "kadi ya njano" nilitoa ya chanjo kwa aliyekuwa anataka ya bima, na ya bima kwa aliyetaka ya chanjo. Zaidi ya hizo beba kadi halisi ya gari, karatasi ya polisi kwamba gari siyo la wizi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama unahama weka orodha ya vitu vya ndani kimoja kimoja na thamani yake. Orodha yetu Salma ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, vitu 86. Namba 41 ilikuwa "mbuzi 1".

Jumamosi 30 Desemba. Tunduma na Nakonde

Malori. Sijui niseme nini kingine. Foleni ilianza mbali kabla hatujaiona Tunduma yenyewe, madereva wametandika mikeka chini ya matrela, wengine wanapika ugali, mmoja kaanika nguo kwenye kamba aliyofunga kati ya lori lake na la mwenzie. Gari dogo linapita pembeni lakini kwa adabu, kuna sehemu matairi mawili yako kwenye lami na mawili kwenye matope.

Tangu 2019 pale kuna kituo cha pamoja, ukienda Zambia unapitiliza upande wa Tanzania na kila kitu cha nchi zote mbili unafanyia Nakonde kwenye jengo moja. Mimi nililijua hilo, na bado nikapigwa. Akaja kijana amevaa kizibao cha kung'aa, ana kitambulisho kinaning'inia shingoni, "Bosi, karibu, makaratasi yote mimi, dola 150 tu, dakika 40 uko Zambia." Nikampa elfu 50 ya kuanzia. Alienda "kutoa kopi". Hajarudi mpaka leo. Wenyewe wanawaita vishoka, na mimi muuza spea wa Tabata ninayejiona mjanja nikaliwa mchana kweupe, mke wangu ananiangalia.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori, mzee mmoja mwenye lafudhi ya Kitanga, alikuwa siku ya nne anasubiri na mzigo wake wa Kongo. Akaniambia, "Mdogo wangu, usimpe mtu hela yoyote ambayo haina risiti na dirisha." Akatembea na mimi dirisha moja moja, uhamiaji, afya, forodha, bima, ushuru wa hewa chafu unaolipwa kulingana na ukubwa wa injini, ada ya barabara ya magari ya nje ambayo ni ya dola, halafu ushuru wa halmashauri. Nilipojumlisha risiti zote ilikuwa kama laki mbili na themanini kwa shilingi zetu. Mzee akakataa hata soda, akasema akipata soda atataka choo na choo ni kwacha mbili.

Watanzania hatuhitaji viza ya kutembelea Zambia, mimi na bi mkubwa tuligongewa tu. Mama Salma na kibali chake cha kazi walichukua muda zaidi. Gari likapewa siku 30. Hizo siku 30 zikumbukeni.

Halafu ukaguzi. Afisa wa forodha alikuwa dada mmoja mpole, ameshika orodha ya Salma, anasoma kwa Kiswahili cha kubahatisha maana watu wa Nakonde wengi wanakiongea. Akafika namba 41. "Mbuzi yuko wapi?" Akachungulia chini ya viti. Akaniuliza kama mnyama ana cheti cha daktari. Nikamtolea mbuzi yenyewe, akaikunja na kuikunjua, kile chuma chenye meno kikachomoka mbele, akaruka nyuma hatua moja akamwita mwenzie. Sasa wamesimama maafisa watatu wanaangalia kile kibao, mbao imelainika pale pa kukalia kwa miaka mingi, na meno ya chuma yanang'aa, na mimi natafuta maneno.

Bi mkubwa hakusubiri. Akashuka garini, akakitega chini, akajifunga khanga vizuri, akakaa upande upande kama wanavyokaa, akaanza kukuna nazi ambayo haipo, mikono yote miwili inazungusha hewani. Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni wakaanza kushangilia. Mmoja akapiga kelele, "Mama, tui la kwanza hilo, usiweke maji!" Yule dada akacheka mpaka akaegemea gari, akagonga muhuri orodha nzima bila kufungua tena hata begi moja.

Mimi nikaona isije ikatuletea maswali kila kizuizi cha polisi, nikaitoa kwenye mizigo nikaichomeka chini kabisa ya buti, kwenye shimo la tairi la spea, na kifuniko juu.

Tulivuka saa kumi na mbili jioni, simu ikaandika saa kumi na moja. Zambia iko nyuma yetu saa moja. Idi alifurahi kweli, akadhani amepewa saa nzima ya kucheza bure.

Kulala Nakonde kwacha 350 chumba. Mahesabu ni rahisi, wakati ule kwacha moja ilikuwa karibu sana na shilingi mia, ongeza sifuri mbili umemaliza. Badilisha hela kidogo tu ya kulalia na mafuta, na uhesabu mwenyewe mbele yake noti kwa noti, maana wanaokunja noti katikati wapo.

Jumapili 31 Desemba. Nakonde mpaka Mpika

Lami ya Nakonde kwenda Chinsali ni nzuri, na baada ya vurugu ya Tunduma ule ukimya ulinishtua. Msitu, kijiji, msitu. Pembeni wanauza uyoga. Sasa usifikirie uyoga wa kwetu, huu mmoja unafunika sinia, watoto wanaoshika wameushika kama mwavuli, na mmoja alikuwa kweli amejikinga nao mvua. Kwacha 20. Bi mkubwa akakataa katakata kula kitu kinachomzidi kichwa.

Kati ya Isoka na Chinsali tairi la nyuma likalia. Pancha, mvua inanyesha manyunyu, na spea iko chini ya mizigo yote. Tukashusha masufuria, cherehani, mabegi, yote kwenye nyasi juu ya turubai. Nikatoa ile mbuzi, nikatoa spea, jeki nikaitega, ikazama kwenye udongo. Nikaiinua, ikazama tena.

Wakapita watu wanatoka kanisani, wanaume sita hivi wana mashati meupe na Biblia zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni zisilowe. Hawakuuliza chochote. Mmoja akaenda kwa nyumba ya jirani akarudi na ubao mnene, wakauweka chini ya jeki, wengine wakashika gari, wakabadilisha tairi na mashati yao meupe. Mmoja wao akasikia tunaongea, akasema kwa Kiswahili safi, "Mimi nimekaa Mbagala mwaka mzima, nilikuwa utingo." Akanitajia vituo vya daladala kwa mpangilio mpaka Kariakoo. Nikataka kuwapa kitu, wakagoma. Badala yake mama mmoja wa nyumba ile akawaletea watoto maembe kwenye beseni, akapiga goti kidogo kumpa bi mkubwa, na bi mkubwa naye akashindwa kuvumilia akapiga goti, wakawa wamepiga magoti wote wawili barabarani wanacheka. "Natotela" ni asante kwa Kibemba. Hilo neno Idi alilitumia wiki nzima hata kwa Wazambia wasioongea Kibemba.

Tukapakia upya haraka haraka kwa sababu ya mvua. Tairi lenye pancha shimoni, na vitu vyote juu.

Chinsali ndiko alikozaliwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, misheni ya Lubwa, 1924. Bi mkubwa alikuwa msichana Kaunda alipokuwa anakuja Dar na kitambaa chake cheupe mkononi, na marehemu mjomba alifanya kibarua kambi za reli ya TAZARA miaka ya mwanzo ya 1970, akawa anatuma barua kutoka Mlimba. Bi mkubwa aliposikia tumefika Chinsali akataka tusimame tu, hata bila kushuka. Tukasimama dakika tano karibu na kituo cha mafuta. Akaangalia pande zote mbili, akasema sawa, twende.

Mpika tulifika na mwanga. Chakula, nshima na kuku wa kienyeji na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga wanaita ifisashi, kwacha 60 sahani. Nshima unaulizwa unataka matonge mangapi. Ni laini kuliko ugali wetu, Salma akasema imekaa kama uji uliobadilisha mawazo. Ifisashi bi mkubwa aliikubali papo hapo, akasema huyu aliyepika ana ndugu Tanga.

Usiku ule tuliukaribisha mwaka mara mbili. Saa tano usiku za Mpika, Tanga ilikuwa saa sita, tukapiga simu, huko fataki na vigelegele, tukashangilia chumbani. Watoto wakakataa kulala, saa moja baadaye Mpika nzima ikapiga kelele na sisi tukashangilia tena. Bi mkubwa alikuwa ameshalala tangu mwaka wa kwanza.

Jumatatu 1 Januari 2024. Mpika mpaka Kapiri Mposhi

Hapa ndiyo barabara ilitulipa. Kutoka Mpika kwenda Serenje wakati ule kulikuwa na vipande lami imebaki kama visiwa, lori linakuja upande wako kwa sababu upande wake shimo, wewe unaenda upande wake kwa sababu hiyo hiyo, mnapishana kwa kuangaliana usoni. Kilomita kama 240 tumetumia zaidi ya saa sita. Godoro moja lilikatika kamba, tukalifunga na khanga. Usiendeshe usiku kipande hiki, sikuombi, nakuambia.

Vizuizi vya polisi vilikuwa vingi na wote walikuwa na adabu. Wanataka kuona pembetatu mbili, kizima moto, na stika za kuakisi mwanga nyeupe mbele nyekundu nyuma. Mimi za kwangu nilizinunua dukani kwangu mwenyewe kwa bei ya jumla, hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata safari nzima.

Tulilala Kapiri, pale reli ya TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar. Bi mkubwa akataka picha na kibao cha stesheni. Nimeituma kwenye grupu la familia, mnayo.

Jumanne 2 Januari. Lusaka

Kapiri kuingia Lusaka ni kilomita 200 na ushee, geti za kulipia barabara Manyumbi na Katuba, wakati ule kwacha 20 kila moja. Saa saba mchana tuko mjini.

Nyumba ilikuwa Chalala, vyumba vitatu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Umeme ni wa kununua kama LUKU, tofauti wao wanaita yuniti. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti, na ukishaipata unafungua mobile money hapo hapo, maisha yanaanza.

Sasa sikilizeni. Sisi tumekimbia njia yote hiyo, tumekula pancha, tumekula mashimo, ili watoto waingie darasani tarehe 8. Sare tumeshanunua. Alhamisi ya tarehe 4 serikali ikatangaza shule hazifunguliwi, kipindupindu. Zikasogezwa mpaka tarehe 29, halafu baadaye zikasogezwa tena mpaka 12 Februari. Uwanja wa mpira wa Heroes ulikuwa umegeuzwa kituo cha matibabu. Tungejua tungekula pilau ya mwaka mpya Tabata.

Basi wiki tatu hizo tulikaa ndani na klorini. Jirani yetu, mama wa Kizambia ambaye tulikuwa hatujamjua hata jina, alikuja siku ya pili na chupa ya dawa ya maji na kumwonyesha Mama Salma vifuniko vingapi kwa ndoo. Kila alfajiri anagonga geti kuuliza kama wote tumeamka wazima. Akatuambia tusinunue chochote kilichokatwa barabarani, na maji hata ya kupigia mswaki yachemshwe. Alituletea pia kapenta, ambao ukiwaangalia ni dagaa wale wale wa Ziwa Tanganyika, miaka ya 1960 walichukuliwa wakapandikizwa Kariba. Bi mkubwa aliwakaanga kwa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Nazi hatukuziona hata moja, masoko tulikuwa tunayakwepa, tukatumia tui la kopo, na kila tukilitumia mke wangu ananiangalia kama mimi ndiye niliyelifungia humo.

Kwa wanaohama na watoto: msikabidhi nyumba yenu ya Dar mapema sana, na wekeni akiba ya mwezi mmoja wa chakula nje ya bajeti. Dukani ukiwa mgeni unanunua kila kitu mara ya kwanza, mpaka ufagio. Mwezi wa kwanza ulitugharimu karibu mara mbili ya tulivyopiga hesabu, kodi ukiitoa.

Jumamosi 27 Januari mpaka Jumanne 30. Kurudi

Siku 30 za gari zilikuwa zinaisha. Tulitoka alfajiri mimi na bi mkubwa tu, Noah nyepesi inaruka kila shimo. Salma hakutoka nje kuaga, alikuwa dirishani. Idi alisema "natotela baba" na hapo sikuongea mpaka Kabwe.

Njia ya kurudi sina mengi. Mpika, Nakonde, Uyole tukachukua mchele wetu, Iringa. Boda tulimaliza kwa dakika 50, nilikwenda dirisha kwa dirisha kama mwenyeji. Simu ikaruka mbele saa moja na bi mkubwa akasema, "Wameichukua ile saa ya Idi."

Nyumbani Tabata nimekaa siku ya tano sasa. Jumamosi Mama Salma akapiga, sauti ya furaha, kapata nazi nne soko la mjini, bei sitaitaja hapa mtazimia. Akaniuliza mbuzi niliiweka kabati gani.

Nikashuka na simu mkononi mpaka kwenye gari, nikafungua buti, nikanyanyua kifuniko. Iko chini ya tairi la pancha, na tope la Isoka limekaukia kwenye meno. Imekwenda Lusaka na kurudi, imegongewa muhuri, haijakuna hata nazi moja.

Nimeiosha nikaifunga kwenye khanga nikaipeleka kwa konda wa basi la Lusaka, elfu 15 parseli. Akaipapasa juu ya khanga, akaniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia mbuzi, akataka nilipie kama mnyama.